Meli ya Siri ya Hoteli ya Korongo

Kilichomponza Bi Verna Stallworth ni ndoo ya bisi.

Hoteli ya Korongo ilikuwa na vyumba mia tatu na kumi na viwili, na kila Pasaka Bi Verna aliuza mia tatu na ishirini na sita. Msimtolee macho. Hakuna hoteli Florida nzima isiyofanya hivyo, ila wenzake huiachia kompyuta iwafanyie dhambi hiyo, na yeye aliifanya mwenyewe kwa pua yake. Watu huugua. Wapenzi huachana wiki moja kabla ya likizo. Gari linakufa katikati ya Georgia, babu anateleza bafuni, mtoto anatokwa na tetekuwanga akiwa tayari kavaa viatu. Miaka thelathini na moja nyuma ya kaunta ilikuwa imemfundisha kwamba Pasaka haipiti bila familia kumi na nne kukwama mahali, na hajawahi kukosea kwa zaidi ya familia mbili.

Mwaka huo wakubwa wa Ufalme wa Mamba, bustani ya michezo ambayo hoteli hiyo ilikuwa mali yake, wakatangaza kwamba kwa wiki ya Pasaka tu, na kwa wageni wanaolala hotelini tu, itauzwa ndoo ya bisi yenye umbo la mamba aliyevaa masikio ya sungura. Ukimbonyeza pua, macho yanawaka. Ndoo yenyewe ni ya plastiki, na bisi zake ni zilezile. Lakini kama hujawahi kuishi karibu na watu hawa huwezi kujua ndoo kama hiyo inawafanya nini. Walikuja wote. Wagonjwa walikuja na dawa zao. Walioachana walikuja pamoja, wamenuniana, kila mmoja akitaka ndoo yake. Tetekuwanga yenyewe ilikuja, imepakwa losheni ya rangi ya waridi.

Alhamisi ya kabla ya Pasaka, saa nane mchana, bustani ilikuwa imefunga milango tangu saa nne asubuhi kwa sababu ilishajaa pomoni, na foleni ya ndoo ilikuwa imezunguka gurudumu kubwa mara mbili. Bi Verna aliangalia kioo cha kompyuta yake. Vyumba vilivyobaki, hakuna. Majina yaliyobaki, kumi na manne. Na lile la kwanza lilikuwa limepiga simu robo saa iliyopita kusema limeshabadilisha tairi, linakuja.

Akahesabu tena. Kumi na manne yaleyale.

Alichokiogopa hakikuwa aibu tu. Mwaka uliopita alikuwa amelazimika kuwahamishia madaktari wa meno wawili kutoka Atlanta kwenye nyumba ya wageni kando ya barabara kuu, ukuta mmoja na fundi matairi, na mmoja wao akaandika barua ya kurasa tatu. Bwana Preston Oglesby, meneja mkuu, kijana wa miaka thelathini na minne anayevaa viatu vya ngozi bila soksi, alimwita ofisini na kumwambia kwa upole, jambo lililomuudhi zaidi, "Bi Verna, mgeni mwingine mmoja tu akilala nje ya hoteli hii, tutaagana." Kisha akaagiza mashine sita za wageni kujiandikisha wenyewe. Zilikuwa stoo, ndani ya maboksi, zikisubiri kosa lake.

Bi Verna alikuwa na miaka hamsini na tisa. Aliipenda kaunta ile kuliko alivyompenda mume wake wa pili, na hakuona haya kusema hivyo. Alipiga simu hoteli kumi na tisa. Zote zimejaa. Akapiga hata kwa jirani wa fundi matairi, akacheka kwa uchungu alipoambiwa na wao wamejaa.

Hapo ndipo alipoingia Kapteni Dub Raney kuchukua chai yake ya barafu. Dub alikuwa nahodha wa vivuko viwili, Klementina na mwenzake, vinavyowavusha wageni kutoka hotelini hadi mlango wa bustani, ng'ambo ya ziwa.

"Una nini wewe?" alimuuliza. "Umekaa kama umemeza chura."

"Familia kumi na nne, Dub. Watu hamsini na watatu. Sina pa kuwaweka."

Dub akapiga mluzi. "Jirani wa matairi?"

"Kumejaa."

"Basi kwisha habari yako. Ukifukuzwa nitakuja kukusaidia kubeba maua yako ya kaunta." Akanywa chai. Alikuwa mtu wa namna hiyo, anayekutania hata ukiwa unazama. "Afadhali mimi leo nimepumzika. Klementina yuko gatini, nimemaliza kumpaka rangi. Nimetoa viti vyote ili sakafu ikauke. Ukumbi mtupu, mtu anaweza kucheza dansi."

Bi Verna alinyanyua uso taratibu.

"Usiniangalie hivyo," alisema Dub.

"Ana vyoo?"

"Viwili. Verna, nimesema usiniangalie hivyo."

"Na maboya ya kuvaa?"

"Mia na ishirini. Sikiliza, dada yangu, kile ni kivuko. Kinakwenda ng'ambo, kinarudi. Huwezi kulaza watu kwenye kivuko."

"Rangi imekauka?"

Dub alifumba macho. "Imekauka," alisema, kwa sauti ya mtu anayejua jioni yake imeshakwenda.

Lakini hata hapo Bi Verna alikuwa hajaamua kudanganya mtu. Hilo nalisema kwa haki yake. Mpango wake ulikuwa kusema ukweli, kuomba radhi, kisha kuwapa kitanda cha kukunja juu ya maji, na anayetaka kulia alie. Alikuwa ameshaufungua mdomo kusema hivyo wakati Marvin na Joyleen Kubiak walipofika kaunta.

Walitoka Ohio. Joyleen alikuwa mfupi, wa miaka sitini hivi, amejivika shingoni utepe wenye beji nyingi kiasi kwamba akitembea analia kengele. Marvin alikuwa mrefu, kimya, na ndiye aliyebeba kila kitu. Walivaa fulana za kijani zinazofanana, na kifuani zimeandikwa kwa herufi za kumeta: WAKUBIAK, SAFARI YA 41.

Bi Verna aliisoma fulana. Mdomo wake ulikuwa bado wazi. Kilichotoka humo hakikuwa kile alichokuwa amekiandaa.

"Bi Joyleen," alisema, akiinama juu ya kaunta, "unaweza kutunza siri?"

Joyleen aliacha kupumua.

"Mimi ni mtu wa mapokezi tu, siruhusiwi kusema mengi. Lakini pengine mmewahi kusikiasikia habari za meli."

Kusikia! Watu hawa walikuwa na miaka miwili hawali wala hawanywi bila kuizungumzia meli hiyo. Ilijulikana kwamba Bwana Preston anataka Ufalme wa Mamba uwe na meli yake ya kitalii. Alikuwa na mfano wake mezani, mrefu kama mkono, bomba lake limechongwa kichwa cha mamba, na kila mkutano aliufunga kwa maneno yaleyale: ardhi imejaa, bahari haijajaa. Kesho yake shangazi yake, mwenye bustani, alikuwa anakuja kusikiliza hoja hiyo kwa mara ya mwisho.

"Nilijua!" Joyleen alimpiga Marvin begani. "Nilikwambia au sikukwambia?"

"Uliniambia," alisema Marvin.

"Shhh! Mtanifukuzisha kazi," alisema Bi Verna, na hilo angalau lilikuwa kweli. "Kuna majaribio. Ya siku moja. Familia chache zimechaguliwa. Bado haijakamilika, ni chombo kidogo cha mafunzo, vitanda ni vya kukunja, na bado kuna harufu ya rangi."

"Harufu ya rangi," alirudia Joyleen, machozi yakimlenga, utadhani ameambiwa harufu ya mkate wa mama yake.

"Kama hampendi, naweza kuwatafutia chumba kwingine..."

"Usithubutu!" Joyleen aliushika mkono wake juu ya kaunta. "Nina wafuasi elfu kumi na moja kwenye ukurasa wangu, Bi Verna. Sitawaambia neno. Hata wakinichoma na kibiriti."

Familia kumi na tatu zilizofuata zilikuwa kazi nyepesi kuliko kumenya ndizi. Wote walikuwa wale wale, wenye fulana za sare na beji za kulia kengele. Ni mmoja tu aliyesumbua, mwanasheria kutoka Tennessee, aliyetaka kuona maandishi. Bi Verna alimwambia kwa huzuni kwamba wanaouliza maswali mengi huwa wanaondolewa kwenye orodha. Mwanasheria akanyamaza, akajipanga.

Kufikia saa kumi na moja kasoro, wanawake wa usafi walikuwa wamepanga vitanda hamsini na vitatu ndani ya Klementina na kukunja juu ya kila kimoja taulo lenye umbo la mamba. Jikoni walitoa kambare wa kukaanga, kuku, pai ya ndimu na ndoo nzima ya karanga za kuchemsha. Dub alijitokeza na koti jeupe la admirali aliloliazima stoo ya mavazi ya gwaride. Koti lilishonwa kwa ajili ya chura wa gwaride, kwa hiyo lilimbana mabegani na kupwaya tumboni, na hakuna aliyecheka. Walimpigia saluti.

Honi ikalia, kamba zikafunguliwa, na hamsini na watatu wakaondoka bila kwenda popote.

Ziwa hilo lilichimbwa kwa katapila. Mahali penye kina kirefu kuliko pote, maji yanamfika mtu mzima kifuani. Dub aliwavalisha maboya kwanza, akawafundisha namna ya kukiacha chombo kikizama, nao wakafanya zoezi hilo mara tatu kwa sababu waliomba. Kisha akawazungusha. Alipopita nyuma ya jengo la kufulia nguo, akashika kipaza sauti na kutangaza, "Mabibi na mabwana, upande wa kushoto, Bandari ya Wafuaji!" Watu walipiga makofi na picha. Wafuaji, wasiojua lolote, wakapunga shuka. Alipopita mara ya nne walikuwa wameshajipanga ukingoni wakimsubiri, wameshika shuka nyeupe pande mbili, wakiimba.

Bi Verna alikuwa amesimama gatini akijisifu kimoyomoyo, mpaka alipogeuka nyuma.

Roshani zote za Hoteli ya Korongo, zile za kuangalia ziwa ambazo watu huzigombania mwaka mzima, zilikuwa zimejaa wageni wamejiinamisha juu ya vyuma. Hawakuwa wanafurahi. Walikuwa wanaangalia kitu wasichokuwemo.

"Samahani," alikuja kumuuliza mwanamke mwenye taulo kichwani, "ile ni nini?"

"Ipi?" alisema Bi Verna.

Hilo lilikuwa kosa. Angesema ni kivuko kinachofanyiwa majaribio ya injini, mambo yangeisha. Lakini ukimkania mtu wa bustani ya michezo, umempa uthibitisho. Kabla hajaondoka kwenda nyumbani alikuwa amesema "sijui unachozungumzia" mara kumi na nane, na kila aliyeambiwa hivyo aliondoka mbio.

Asubuhi, saa moja, alipoingiza gari kwenye maegesho alikuta foleni. Ilianzia kaunta yake, ikatoka mlango wa vioo, ikapita bwawa la kuogelea, ikaishia kwenye magari. Watu walikuwa na mabegi. Alidhani wanaondoka. Alifika kaunta, na wa kwanza, bwana harusi aliyemwoa mwenzake Jumamosi iliyopita, akamwekea kadi ya mlango mbele yake.

"Tunarudisha chumba," alisema.

"Kina kasoro gani?"

"Hakina. Kinaangalia ziwa. Tunataka kuwa kwenye ziwa." Akashusha sauti. "Kile kitu."

Mke wake akamwonyesha simu. Joyleen Kubiak alikuwa ametimiza ahadi yake, hakusema neno hata moja. Alikuwa ameweka picha ya taulo lenye umbo la mamba na kuandika chini yake: Siruhusiwi kusema. Elfu kumi na moja waliisoma, na wale wa elfu kumi na moja waliokuwa hotelini walikuwa sasa wamejipanga mbele ya Bi Verna, na nyuma yao waliojipanga kwa sababu wengine wamejipanga. Yeye aliyekosa vyumba kumi na vinne jana, kufikia saa mbili alikuwa na hamsini na kimoja vitupu, na kivuko kimoja ambacho kila mtu anakitaka.

Bwana Preston akashuka kwa lifti, vifundo vya miguu wazi, mfano wa meli kwapani.

"Bi Verna, hawa wanafanya nini?"

"Wanarudisha vyumba, bwana."

"Wanarudisha? Wiki ya Pasaka? Wamekwambia kwa nini?"

"Wanataka meli."

Preston akageuka mwekundu mpaka masikioni. "Nani amevujisha meli yangu?"

Bi Verna hakupata nafasi ya kujibu, kwa sababu mlango wa vioo ulifunguka na kigari cha gofu kikaingia mpaka katikati ya ukumbi. Aliyekiendesha ni Bi Augusta Oglesby, mwenye bustani, wa miaka themanini na mmoja, ambaye wote walimwita Bi Gussie. Hakuwahi kuegesha nje. Mkono mmoja ulishika usukani na mwingine karanga za kuchemsha ndani ya mfuko wa karatasi uliolowa. Alikuwa mkali, mbishi, na alichukia mikutano, lakini foleni aliipenda kuliko maombi. Hakumsalimia mpwa wake. Alikigeuza kigari, akatoka tena nje, akaifuata foleni mpaka mtu wa mwisho, na wote ndani wakamwona kupitia kioo akizungumza naye. Kisha akarudi.

"Nimemuuliza yule kijana wa mwisho anasubiri nini," alisema akitema ganda. "Kasema hajui, ila ni ndefu sana, lazima ni kitu kizuri." Akatabasamu. Preston hakuwa ameliona tabasamu hilo tangu walipofungua gurudumu kubwa. "Wametoka vyumbani mwao, wana mabegi, na wana furaha. Miaka hamsini naendesha mahali hapa, sijawahi kuona mtu akirudisha chumba kwa furaha. Nani kaanzisha hii?"

Bi Verna alitupa jicho upande wa stoo, kwenye mashine sita. Alijua akikaa kimya atatafutwa, na akitafutwa atapatikana. Akajikaza. Mkono wake wa kulia ukaanza kupanda, ukafika kiunoni, ukafika begani.

"Mimi, shangazi," alisema Preston.

Mkono wa Bi Verna ukaenda kurekebisha nywele.

"Wewe?" alisema Bi Gussie.

"Nilitaka nikuonyeshe kwa vitendo." Preston alikuwa anavimba taratibu kadiri anavyosema. "Ni majaribio madogo. Kupima hamu ya wateja kwa safari za meli."

"Kwa kutumia Klementina?"

"Klementina," alikubali Preston, ambaye alikuwa analisikia jina hilo kwenye habari hii kwa mara ya kwanza.

Wakati huohuo Dub alikuwa anashusha abiria wake gatini, hamsini na watatu, wameumwa na mbu kila mahali pasipofunikwa na fulana, wanacheka. Bi Gussie alikisogeza kigari mpaka mlangoni akamzuia aliye mbele. Alikuwa Marvin Kubiak.

"Hebu nieleze, mwanangu. Ilikuwaje?"

Marvin aliweka mabegi chini. "Nimeshapanda meli za kitalii mara tano, mama," alisema. "Zote nilitapika. Jana sikutapika."

"Kwa nini hukutapika?"

"Ziwa halina mawimbi."

Bi Gussie alitafuna karanga akiwaza. Joyleen, aliyekuwa nyuma ya mumewe, akaongeza kwamba Bandari ya Wafuaji peke yake ilitosha kuwatoa Ohio.

"Preston," alisema Bi Gussie, "bahari ina mawimbi?"

"Inayo, shangazi, lakini meli kubwa ina mitambo ya..."

"Na meli yako inahitaji bahari?"

"Inahitaji, ndiyo, lakini..."

"Sisi tuna maji yasiyo na mawimbi, tuna vivuko viwili, na tuna watu wanaoacha vitanda vya maana wakalale kwenye vya kukunja. Bahari ya nini? Weka hicho kimeli chini, kinakuchosha mkono." Preston akakiweka chini. "Umefanya kazi nzuri, mwanangu. Sikudhani unayo akili ya namna hii. Kuanzia leo utaishi kwenye Klementina, uiendeshe shughuli yako mwenyewe mpaka kiangazi kiishe. Hoteli nitaiangalia mimi."

Preston alifungua mdomo. Alimwangalia Dub, aliyekuwa amesimama wima ndani ya koti la chura. Alimwangalia Bi Verna, na Bi Verna akaona ameelewa yote, kuanzia chumba cha kwanza mpaka taulo la mwisho. Lakini alikuwa ameshasema mimi, mbele ya watu mia mbili. Akafunga mdomo. Bi Verna akainamia kompyuta yake na kuuma midomo ili asicheke.

Bi Verna alikuwa amepona. Alitakiwa kutulia hapo.

Saa sita mchana Joyleen alikuja kaunta peke yake. Marvin alikuwa amekaa juu ya mabegi karibu na mlango. Watu wa foleni walikuwa bado wanasubiri wapangiwe, na Bi Gussie alikuwa hatua kumi tu kutoka hapo, akipita kwa mgeni mmoja mmoja kuuliza kama kuna mwenye malalamiko.

Joyleen alikuwa anahangaika kufungua beji kwenye utepe wake. "Hii ni ya mwaka wa ufunguzi," alisema. "Zilitengenezwa mia mbili. Ni yako."

"Siwezi kuichukua."

"Utaichukua. Bi Verna, tumekuja mara arobaini na moja. Kila asubuhi wanachagua familia ya kufungua gwaride. Wanachagua familia ya siku. Wanachagua mtu wa kwenda jukwaani kushikana mkono na mamba. Siku zote anachaguliwa wa pembeni yetu. Marvin alikuwa anavaa kofia nyekundu ili waone, akaacha, akasema wacha tu, Joy, kuna watu wa kuchaguliwa na kuna watu wa kupiga makofi." Beji ikafunguka. "Leo alfajiri nimemkuta amekaa kwenye kitanda chake cha kukunja, anatabasamu peke yake. Nikamuuliza una nini. Akaniambia, Joy, ni sisi."

Bi Verna alimwangalia Marvin. Alijisikia vibaya sana, vibaya kuliko alivyojisikia jana saa nane, na wala hakuwa na wa kumlaumu. Kunyamaza kulikuwa rahisi. Kulikuwa na busara pia. Lakini hakuweza kuipokea beji ile, na hakukuwa na namna ya kuikataa bila kusema.

"Hamkuchaguliwa na mtu, Joyleen," alisema. "Hapakuwa na majaribio yoyote. Niliuza vyumba kuliko vilivyopo. Nyinyi mlipasua tairi, mkachelewa, mkakuta vimekwisha. Nikawadanganya."

Joyleen aliifumba beji kiganjani. Aliiangalia simu iliyokuwa mkononi mwake, yenye watu wake elfu kumi na moja. Aliangalia upande wa Bi Gussie, ambaye alikuwa amebakiza wageni wanne kuwafikia. Akilini mwake Bi Verna aliziona mashine sita zikitolewa kwenye maboksi.

"Mlikosa vyumba vingapi?" aliuliza Joyleen hatimaye.

"Kumi na vinne."

"Na sisi ndio tulikuwa wa kwanza kufika."

"Wa kwanza."

"Ulikuwa umepanga kuniambia nini? Kabla ya habari za meli."

"Kwamba hakuna chumba. Nilishafungua mdomo."

"Nikauona. Nilidhani una jino linauma." Joyleen alikunja uso. "Kwa nini hukusema?"

"Niliisoma fulana yako. Nikajua nyinyi mtaamini."

"Na angetangulia yule mwanasheria wa Tennessee?"

Bi Verna akafikiri, kwa sababu aliona swali linastahili jibu la kweli. "Nisingethubutu. Ningesema hakuna chumba, na leo nisingekuwa hapa. Wala ile meli isingekuwepo."

"Kuna malalamiko hapa?" aliuliza Bi Gussie. Alikuwa amefika, mfuko wake wa karanga ukimwaga maji juu ya kaunta.

Joyleen aliinama juu ya kaunta, akaishika kola ya sare ya Bi Verna, akaichomeka beji kwa nguvu mpaka sindano ikamgusa shingo.

"Hakuna, mama," alisema. "Nilikuwa namuuliza huyu dada kama kweli sisi ndio tuliochaguliwa kwanza. Kaniambia ni kweli."

Kisha akageuka kuikabili foleni, mikono kiunoni, kengele zote zikilia.

"Jamani, msisukumane! Leo chombo kinabeba wachache tu. Marvin! Njoo mpenzi. Wengine mpisheni kidogo."

Foleni ikapasuka katikati. Marvin akanyanyua mabegi yote manne, akapita mbele ya watu wote bila haraka yoyote.